Umelipia jimu, mbona tunakupa taulo na raba?

Lile lalamiko limerudi tena mwezi huu. Mteja aliyepasuliwa bega amelipia vipindi vya kurudi kwenye vyuma, akahudhuria kidogo, kisha akaenda mapokezi kusema tunamla hela. Maneno yake: "Nimelipia jimu, naishia kubanishwa taulo kwapani." Akaondoka amenuna. Tunajua si yeye peke yake mwenye dukuduku hilo, wengine wanalimeza tu, kwa hiyo tunalijibu hapa hadharani.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kishimo kinamokaa, ndiyo maana bega linazunguka kila upande na ndiyo maana linateguka kirahisi. Kinachokituliza mahali pake ni misuli minne midogo na kano zake. Kano ikichanika, daktari huirudisha kwenye mfupa kwa nyuzi na nanga ndogo. Sasa sikia: nyuzi zinashikilia tu. Kushikana upya na mfupa ni kazi ya mwili wenyewe, na kano haina damu nyingi, kwa hiyo inapona taratibu mno. Maumivu yanaisha kabla kano haijashika. Watu wanaharibikiwa katika kipindi hicho hicho, bega haliumi na ndani bado bichi.

Kwa kawaida mkono unaning'inizwa shingoni wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo mkono unafundishwa kupanda wenyewe: kupembea ukiwa umeinama, kutembeza vidole ukutani, kunyanyua fimbo kwa mikono miwili huku ule mzima ukimsaidia mwenzake. Kuongeza nguvu huanza karibu wiki ya 12, na kusukuma uzito mkubwa ni miezi 6 na kuendelea. Mchaniko ukiwa mkubwa, muda unarefuka. Aliyekupasua ndiye mwenye neno la mwisho, sisi tunafuata barua yake.

Tuje kwenye hilo taulo. Unalikunja, unalibana kati ya kiwiko na mbavu, kiwiko kimekunjwa, raba ya kuvuta imefungwa kwenye nguzo, unavuta kiganja kuelekea nje polepole na kukirudisha polepole zaidi. Taulo likidondoka, kiwiko kimehama na ile misuli midogo imeacha kazi. Kocha amesimama nyuma yako, vidole vyake viko juu ya bapa la bega. Anasubiri kitu kimoja: bega likianza kupanda kuelekea sikioni, seti inaishia hapo hata kama ulibakiza mara mbili. Bega linapopanda, shingo inaiba kazi ya bega. Ukilizoesha wizi huo sasa, utakwenda nao mpaka kwenye benchi, pale unapolala kusukuma chuma.

Njia ya mkato tunayoiona sana ni hii: mtu anameza diklofenaki saa moja kabla ya mazoezi, analala benchi, anapiga kifua kama zamani. Anajiambia ataanza na chuma kitupu. Chuma kile kirefu kina kilo 20 kabla hujaweka uzito wowote! Sisi tunaanzia dambeli ya kilo 1 au 2, na hata hiyo hatukupi kama umemeza dawa ya kuficha maumivu, kwa sababu tutakuwa tunafanya kazi gizani.

Kijana mmoja aliyeanguka na bodaboda alituacha mwezi wa tatu baada ya upasuaji, akaenda mahali walipomruhusu kulala benchi siku hiyo hiyo. Alirudi kwetu baadaye sana. Alisema alisikia kitu kimekatika ndani, na tangu hapo hakuweza kuinua mkono kuchana nywele. Ilibidi apasuliwe mara ya pili, na safari hiyo daktari alikuta kano fupi na dhaifu zaidi. Pesa aliyotumia ingemlipia vipindi vyetu vya mwaka mzima na chenji ingebaki.

Kuna na wa upande wa pili. Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliogopa mno, akauacha mkono shingoni muda mrefu kuliko alivyoambiwa. Bega likakaza kabisa. Kazi ya kulilegeza ilituchukua muda mrefu kuliko ambavyo nguvu yenyewe ingechukua, na hakuna siku alitulalamikia bei, maana aliona kila inchi.

Bei sasa. Kipindi kimoja ni shilingi 25,000, na ada ya mwezi mzima ya jimu ni 60,000, ndiyo maana mtu anaona tunamkamua. Kwenye ada ya jimu kocha anaangalia watu kumi na wanane. Kwenye kipindi cha bega anakuangalia wewe, dakika zote, mkono wake uko begani kwako, na ameshaisoma barua yako kabla hujafika. Barua hizo hazifanani. Aliyeshonewa bega kwa sababu lilikuwa linachomoka hatumpeleki mkono juu na nje mapema. Ambaye kano ya msuli wa mbele ya mkono imeguswa hakunji dambeli wiki za mwanzo, hata akisema haumwi. Hatupunguzi bei hiyo.

Na siku ya kusukuma itafika. Tunakulaza sakafuni kwanza, dambeli mkononi, kwa sababu sakafu inazuia kiwiko kisishuke nyuma ya mwili. Benchi inafuata, mikono ikishika chuma karibu karibu. Kusukuma chuma nyuma ya shingo hatukurudishii kabisa, na hilo hatujadiliani.

Ukija mara ya kwanza njoo na barua ya kuruhusiwa na karatasi ya upasuaji, ile inayosema walishona nini. Vaa fulana isiyo na mikono, tunahitaji kuliona bapa la bega. Kama una homa, kidonda kinatoa maji, vidole vinakufa ganzi, au nguvu imepotea ghafla, usije kwetu, nenda moja kwa moja kwa daktari wako. Kipindi ulicholipia tutakitunza.