Tuezeke darasa la chekechea kabla ya vuli: wito kwa wazazi na majirani wa Kigogo

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, ndugu zetu wote.

Hii ni mara ya pili tunawabishia hodi katika miaka miwili, na uso umeumbwa na haya. Lakini hatuwezi kunyamaza: vitabu vya picha mlivyowanunulia watoto mwaka juzi vimelowa. Masika haya bati la upande wa kabati lilitoboka kwa kutu, mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi walimu wakakuta vitabu 71 kati ya 90 vimevimba kama maandazi. Tulivianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Vingi viliganda hivyohivyo.

Kimoja kina picha ya twiga. Mwalimu alipozibandua kurasa, kichwa cha twiga kikabaki kimenata ukurasa wa pili, shingo huku, kichwa kule. Tulidhani watoto watalia. Binti mmoja wa miaka minne akakitazama kitabu kwa muda mrefu, akasema, "Hajakatika, mwalimu. Tiga anachungulia kama mvua imeisa." Tangu siku ile wenzake kila asubuhi yenye mawingu wanakwenda kumwuliza "tiga" kama imekwisha.

Ndivyo walivyo. Kiboko kwao ni "kikobo", helikopta ni "hekolipta", na maktaba, ile kona yenye kabati, wanaiita "mkataba". Mwalimu hamkebehi mtoto. Hulirudia neno sawasawa, taratibu, kidole kikiwa juu ya picha, na siku yake ikifika mtoto hulitamka. Herufi r inawachelewa wengi, haina neno. Ila lazima pawepo picha ya kunyooshea kidole.

Chukueni pweza. Watoto wetu wanamjua wa vipande, wa kwenye meza za jioni, na pilipili yake. Mzima, mwenye minyiri yote minane, walimwona mara ya kwanza kitabuni. Mvulana mmoja akauliza, sikukuu ya Idi mama yake "pwedha" anamnunulia viatu vingapi? Darasa zima likahesabu mpaka nane, bila mwalimu kuwaambia wahesabu. Kitabu hicho hakipo tena, kilioza.

Darasa la awali katika shule za serikali halina ada tangu 2016, nasi tunashukuru sana. Hawa wetu ni wa miaka mitatu na minne, bado hawajafika huko, na wazazi wao wengi wanatoka alfajiri kwenda sokoni na kwenye vibarua. Mchango wao wa uji na walimu wanautoa. Paa limewazidi.

Mahitaji ni haya: mabati 40 ya geji 30 kwa 27,000 kila moja, yaani 1,080,000, mbao, kofia za paa na misumari 420,000, fundi 300,000, vitabu 120 kwa wastani wa 5,000, yaani 600,000, na kabati la chuma lenye miguu, maji yasilifikie, 350,000. Jumla ni shilingi 2,750,000. Wazazi wamekwisha kuchanga 640,000. Zimebaki 2,110,000.

Ndugu zetu, tuambiane ukweli kwa upendo. Kadi za harusi tunazilipa, ya singo na ya dabo, na kamati ikipiga simu tunapokea. Ni vizuri, harusi ni heri. Basi na hawa watoto tuwahesabie japo nusu ya kadi moja. Ninyi ndio mliojenga choo chao na kuwaletea tangi la maji, wala hatujasahau hata mmoja wenu. Kwenye sala tunawataja, Mwenyezi Mungu awazidishie.

Namba ya mhazini ni ileile ya zamani. Asiye nayo aulize mwalimu yeyote. Kila shilingi itaandikwa, na risiti zote zitabandikwa mlangoni kila mwisho wa wiki. Mwenye mabati yaliyobaki kwenye ujenzi wake ayalete, hata kama rangi hazifanani. Mwenye kitabu ambacho mwanawe amekua nacho akakiacha, tunakipokea pia, mradi picha zinaonekana.

Vuli inaanza Oktoba. Tunataka fundi apande juu Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa moja asubuhi. Karibuni mshike nyundo. Uji utakuwepo, na watoto wamesema watawaonyesha "mkataba" wao.