Miswada inayofia sura ya nne inaweza kumalizika

Ndugu Mhariri,

Kaunta buku la kwaya mbili lina kurasa 192. Katika madaftari ya watu wanaoandika hadithi hapa Moshi na kwa jirani zetu wa Arusha, kurasa 30 au 40 za mwanzo huwa zimejaa mwandiko safi, jina la hadithi limepigiwa mstari kwa rula, kisha karatasi ni nyeupe hadi jalada la nyuma. Ukimuuliza mwenyewe, atakwambia mzuka ulikata, au pengine hana kipaji. Sisi tunaosoma na kuhariri miswada ya waandishi wapya tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme kwamba sababu hizo mbili mara nyingi sana si za kweli, na zinawavunja moyo watu wanaoweza kabisa kazi hii. Hadithi hukwama mahali panapojulikana, na hukwamuliwa kwa kazi ya mkono.

Mahali penyewe, kwa riwaya, mara nyingi ni sura ya nne. Tuchukue mfano. Manka anauza mitumba soko la Kiborloni. Anapanda mlimani, Kibosho, kwenye msiba wa shangazi, anakuta baba yake mdogo ameuza nusu ya kihamba, yaani shamba la urithi, cha marehemu baba yake, migomba na mibuni pamoja, na kaburi la baba limeangukia upande uliouzwa. Sura ya kwanza ni msiba, ya pili ni ugomvi, ya tatu Manka anarudi mjini usiku analia. Sura ya nne anaamka, anafungua meza yake sokoni, anakutana na kijana mtanashati, na kihamba hakitajwi tena. Kurasa chache mbele daftari linafungwa. Mwandishi hakuwahi kuamua kama kihamba kitarudi. Yule kijana ameletwa kuziba pengo, na pengo halizibiki kwa mtu asiye na shida yoyote na kihamba.

Mwandishi aliyefika hapo asijilazimishe kusonga mbele. Afungue ukurasa wa mwisho wa daftari aandike miisho mitatu, kila mmoja kwa sentensi moja. Manka anakirudisha kihamba, lakini ukoo unamtenga. Manka anashindwa, na mnunuzi anajenga ukuta kati yake na kaburi. Manka anamwachia mnunuzi shamba kwa maandishi, naye anaachiwa njia ya kwenda kaburini maisha yake yote. Achague ule unaomgharimu Manka zaidi, maana ndio utakaompa mambo ya kuandika. Akifika huko baadaye akaona mwisho mwingine bora, abadilishe. Muhimu ni kwamba leo kalamu ina mahali pa kwenda.

Kisha achukue karatasi mbili za A4, akunje kila moja mara tatu, akate kwenye mikunjo. Atapata vipande 16. Kila kipande kibebe tukio moja: nani anataka nini, nani anamzuia, na nini kimebadilika tukio likiisha. Avipange kuanzia mwisho kurudi nyuma. Ili Manka akubali kuacha shamba, lazima awe ameona nini? Labda amegundua kwamba fedha za mauzo zilimlipia ada mdogo wake wa mwisho. Ili agundue hilo, lazima awe amezungumza na nani? Hivyo hivyo hadi msibani. Akimaliza avisome kwenda mbele, na kati ya kipande na kipande ajaribu kuweka "kwa hiyo" au "lakini". Panapokubali "halafu" peke yake, hapo ndipo atakapokwama akifika, hata kama leo panaonekana pazuri. Akitengeneze kipande hicho sasa, kingali na maneno kumi. Kikishakuwa kurasa kumi atakionea huruma.

Hadithi fupi ya maneno 3,000 inatosheka na vipande vitano hadi saba. Tunasisitiza hili kwa sababu miswada mingi ya hadithi fupi imebebeshwa mzigo wa riwaya: msiba, harusi, kesi mahakamani na safari ya Dar es Salaam ndani ya kurasa kumi na mbili. Mwandishi wake anachoka kihalali. Apunguze mzigo, asijilaumu.

Ugonjwa wa pili ni kurudia sura ya kwanza. Kuna sura za kwanza zilizonakiliwa upya mara sita, kila mara nzuri kidogo kuliko ile iliyotangulia, na hakuna sura ya tano. Kanuni tunayowapa waandishi ni kali na tunaiamini: mpaka rasimu iishe, usirudi nyuma. Ukifika sura ya sita ukaona baba mdogo ilifaa awe kiwete tangu mwanzo, andika pembeni "REKEBISHA S.1: baba mdogo anachechemea", kisha endelea kuandika kana kwamba alichechemea tangu msibani. Ukirudi kurekebisha kila badiliko linapokuja, sura ya kwanza inalingana na hadithi ya jana, na kesho utalazimika kurudi tena.

Sasa hamu. Wengi wanasubiri iwajie ndipo waandike, lakini kwa kawaida hamu huja baada ya sentensi ya tano au ya sita, mkono ukishachangamka. Kinachomfikisha mtu kwenye sentensi ya sita ni kipimo kidogo kisichotisha. Tunashauri maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kujua ukurasa wako unabeba mangapi, hesabu maneno ya mistari mitano, gawa kwa tano, zidisha kwa idadi ya mistari. Kwa mwandiko wa kawaida, 300 ni zaidi kidogo ya ukurasa mmoja wa kaunta buku, kazi ya dakika arobaini hadi saa nzima. Siku kumi zinakupa hadithi fupi ya 3,000. Wiki ishirini zinakupa maneno 30,000, ambayo ni riwaya fupi kamili.

Wiki ishirini zipangwe kwa kalenda ya huku kwetu. Anayeanza mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha, anamaliza Oktoba. Mwenye kahawa atakutana na mavuno katikati, basi wiki hizo ashushe kipimo hadi 150, asisimame. Anayepanga kumaliza Desemba Uchaggani apange upya. Watu wote wanarudi nyumbani, kila chumba kina wageni, kila siku kuna kipaimara au harusi, na rasimu iliyoachwa wiki tatu inapoa kiasi kwamba Januari mwandishi hakumbuki Manka aliongeaje.

Kipimo kikubwa kinaua. Mtu anajiwekea maneno 1,000, Jumatatu anafanikiwa, Jumanne umeme unakatika, Jumatano mtoto ana homa, Alhamisi anadaiwa 3,000. Deni hilo halilipiki, kwa hiyo analikimbia, na kulikimbia deni ni kuikimbia hadithi. Siku ulizokosa zisamehe. Rudi kwenye 300 za leo.

Na jinsi ya kusimama kila siku ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Usiandike mpaka yaishe kichwani. Simama ukiwa bado unajua kinachofuata, hata katikati ya sentensi. Andika "Baba mdogo alipofungua mlango, mkononi alikuwa ameshika", kisha funga daftari. Kesho yake hutakaa mbele ya ukurasa mtupu ukijiuliza uanzie wapi. Utaandika "stakabadhi ya ada" na mkono utakuwa umeshaondoka.

Kuna kosa jingine ambalo tunalikuta karibu katika kila mswada unaotoka mikoa hii miwili, nalo ni safari. Manka anataka kumwona mnunuzi, anayeishi Njiro, Arusha. Mwandishi anampandisha Coaster stendi ya Moshi, konda anaita abiria, gari linajaa, linapita Bomang'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, na kila kituo kina aya yake. Kurasa nne zimekwisha na Manka ni yuleyule aliyepanda. Mwandishi anahisi uchovu, anadhani amechoka na hadithi, kumbe amechoka na barabara. Akate yote, aandike: "Saa nane mchana Manka alikuwa amesimama mbele ya geti la mnunuzi, Njiro, na mbwa wawili walikuwa wanambwekea." Basi, tumefika. Safari ibaki tu ikiwa inabadilisha jambo, kwa mfano abiria wa kiti cha pili akitokea kuwa balozi wa nyumba kumi aliyetia sahihi ya ushahidi siku kihamba kinauzwa. Hapo hata konda na msongamano vina kazi, kwa sababu Manka anataka kuuliza na watu wanasikia.

Miisho nayo ina maradhi yake. Mwandishi aliyevumilia hadi sura ya kumi anaona ufukwe, anaanza kukimbia: gari linapinduka wote wanakufa, au kumbe ilikuwa ndoto. Msomaji aliyefuatana naye kurasa mia anastahili kuona Manka akisimama kaburini na kuamua. Tukio la mwisho lipewe angalau nafasi sawa na tukio la ugomvi wa kwanza.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Anayeandika kwa simu azime kisahihishi cha Kiingereza, maana kinageuza maneno ya Kiswahili bila kuulizwa, au aweke kibodi ya Kiswahili. Kila Jumamosi ajitumie sura za wiki kwa barua pepe. Simu ikiibiwa kwenye kifodi, yaani daladala, hadithi isiende nayo. Anayeandika kwa kalamu apige picha kurasa zake. Anayepeleka steshenari kuchapisha apeleke sura mojamoja zenye namba za kurasa, asome palepale, na aondoke na faili lake, asiliache kwenye kompyuta ya duka.

Rasimu ikiisha ilale wiki mbili. Ukiirudia, anza na mpangilio wa matukio, kisha wahusika, kisha sentensi, na tahajia iwe ya mwisho kabisa. Hakuna faida ya kusahihisha herufi za ukurasa utakaoufuta. Soma kwa sauti. Mdomo ukijikwaa, sentensi ina kasoro.

Kuhusu kuwaonyesha wengine, tunatofautisha mambo mawili. Kusimulia hadithi ambayo hujaiandika humaliza hamu, kwani umeshaitoa na umeshapata vicheko vyake. Kusoma kurasa ulizokwisha kuandika huiongeza. Bibi anayesimulia jikoni hufika mwisho kwa sababu wajukuu wamemwitikia "hadithi njoo" na hawalali mpaka waupate. Mwandishi wa daftari hana wajukuu hao, kwa hiyo ajitafutie mmoja: mwenzake anayeandika pia, wakutane mara moja kwa wiki, maktaba ya mkoa au kibarazani, kila mmoja asome maneno 600. Msikilizaji aulizwe matatu tu: ulichoka wapi, hukuelewa wapi, unadhani nini kitafuata. Asiulizwe kama ni nzuri. Atasema ni nzuri.

Wapo wanaoficha miswada kwa hofu ya kuibiwa. Hofu hiyo ni halali, na sheria iko upande wao zaidi wanapoandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo lililoko kichwani. Inalinda kazi iliyoandikwa, na ulinzi huo hausubiri usajili. Andika tarehe kwenye kila sura na utunze rasimu zote.

Ndugu Mhariri, nguvu kubwa kuliko zote tulizozitaja ni tarehe ya mwisho iliyowekwa na mtu mwingine. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imewafanya watu wafungue madaftari yaliyolala. Lakini tuzo ni mara moja kwa mwaka, na riwaya si mahali pa kuanzia kwa kijana aliyetoka kidato cha nne. Tunakuomba gazeti lako litenge nusu ukurasa kila mwezi kwa hadithi fupi ya maneno yasiyozidi 900. Kipimo na tarehe ya mwisho vitangazwe wiki nane kabla, na wasiochaguliwa waandikiwe walau mstari mmoja unaosema hadithi ilichosha wapi. Kwa 300 kwa siku, 900 ni siku tatu za kuandika. Wiki zinazobaki ni za vipande vya karatasi, usomaji wa sauti na marekebisho.

Wasomaji na wahariri wa miswada,
Moshi