Kasri la Kilwa si Gereza

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa furaha makala yenu kuhusu makasri na ngome zinazofaa kutembelewa na msafiri, na sina ugomvi na sehemu yake kubwa. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, inastahili kila sifa mliyoipa, na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Unguja, ingawa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, haiwezi kuachwa na yeyote aliyewahi kusimama kwenye roshani zake. Kilichonifanya nishike kalamu ni ile sentensi moja mliyoipa Kilwa Kisiwani, mji wa kale katika kisiwa cha pwani ya kusini ya Tanzania, kwamba msafiri atakuta huko ngome ya kale ufukweni. Ngome hiyo ipo. Lakini anayeitazama hiyo peke yake na kurudi Masoko, mji wa ng'ambo ya pili wanakopandia mashua, amealikwa karamu akaishia barazani.

Jengo mlilolitaja ni Gereza, na jina lake limewachanganya wengi. Neno hilo tulilipata kwa Wareno, ambao kwao maana yake ni kanisa. Sisi tukalifanya nyumba ya wafungwa, na Kilwa likabaki jina la ngome. Wareno walijenga ngome mahali hapo walipouteka mji mwaka 1505, ila sehemu kubwa ya kuta zinazoonekana leo ni za enzi ya Waomani, karne nyingi baadaye. Kwa kuwa ndilo jengo la kwanza kumpokea mtu anayeshuka kwenye mashua, wageni hupiga picha hapo, hupita Msikiti Mkuu, kisha huanza kuulizia saa ya kurudi.

Kasri lenyewe liko mbali na hapo, mwendo wa zaidi ya kilomita moja kuelekea mashariki, juu ya genge linalotazama bahari. Linaitwa Husuni Kubwa. Hapa tena jina linapotosha, kwa sababu husuni kwa asili ya Kiarabu ni ngome, ilhali jengo hili halikujengwa kwa vita: lilikuwa makazi ya sultani, mahali pa kupokelea wageni na, kwa upande wa kusini, ghala la bidhaa lililozunguka ua mpana. Vyumba vyake vinazidi mia moja. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe na kufukuliwa hapo yanamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman.

Ukiwa na mtembezaji mwenyeji wa kisiwa, mwombe muanzie kwenye ncha ya genge, zilipo ngazi zinazoteremka hadi pwani, kwa maana huo ndio uliokuwa mlango wa mtu aliyekuja kwa jahazi. Kutoka hapo unapita ua baada ya ua. Mmojawapo una vipandio vya mawe kama vya kukalia watu wengi, na ndipo inapodhaniwa kwamba sultani alikaa barazani kusikiliza mashauri. Mwingine una birika la pembe nane, la kuogea, katika kisiwa kisicho na mto hata mmoja. Mimi kila nikifika kwenye birika hilo husimama na kujiuliza ni migongo mingapi iliyobeba maji ya kulijaza.

Tazameni pia vyumba vilivyo vyembamba na virefu. Mgeni aliyezoea kumbi za Ulaya anaweza kudhani fundi alikuwa bahili, kumbe upana wa chumba uliamriwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mahali ambapo sultani alitaka zaidi ya hapo, fundi aliacha boriti akajenga kuba. Kuta ni za matumbawe na chokaa, na yale mapambo laini ya milangoni yalichongwa kwa tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, kwani huchongeka kwa urahisi kabla ya kukauka na kuwa gumu.

Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyohuyo, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa mwilini, naye akaingia ndani, akabadili, akampa; baadaye fakiri akaongezewa watumwa na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki husimuliwa kama sifa, na ni sifa kweli, ila humo humo ndimo ilimotajwa mali iliyolisimamisha kasri, ukiacha dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji: pembe, na watu. Mtembezaji anayeruka neno hilo la mwisho ili asimchukize mgeni anamnyima nusu ya alichokuja kukiona.

Najua wapo watakaosema kwamba magofu yasiyo na dari, fenicha wala taa hayawezi kuwekwa safu moja na makasri ya wafalme yaliyojaa vioo na mazulia. Nami nimewahi kupanga foleni kwenye makasri ya namna hiyo, nikasukumwa na umati kutoka chumba hadi chumba, na sasa sikumbuki chumba hata kimoja. Husuni Kubwa nimekwenda mara tatu. Mara ya mwisho tulikuwa watu wanne na mbuzi wachache, na mtembezaji wetu akaturuhusu kukaa kwenye vile vipandio mpaka jua likapungua ukali.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuzikarabati kuta. Sehemu kama hiyo haistahili sentensi moja, tena yenye upungufu.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, katika toleo lijalo mwarekebishie wasomaji. Waambieni kwamba Masoko ni kama kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo walale hapo usiku mmoja. Wachukue kibali kabla ya kuvuka. Wavuke asubuhi na mapema, wakiwa wamebeba maji ya kunywa na kofia. Na wapatane na nahodha tangu mwanzo kwamba safari ni ya Husuni Kubwa, ili asije akawarudisha baada ya Gereza.

Wako,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mbagala, Dar es Salaam