Kitanzi cha Telgárt: tunaanza Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Kura zimetosha: reli yetu ya modeli itafuata kitanzi cha Telgárt, Slovakia, kwenye njia ya Margecany hadi Červená Skala iliyofunguliwa 1936. Pale reli hupanda mlima kwa kuzunguka na kujivuka yenyewe, ikipitia handaki la mita 1,239. Handaki hilo ni neema kwetu, maana kona tutakazolazimika kuzibana zitajificha humo.

Sasa hesabu, naomba msome taratibu. Kwa skeli ya TT, yaani 1:120 (kila kitu kinapunguzwa mara 120), mpando halisi wa mita 31 ungetaka karibu sentimita 26, na meza yetu haina nafasi hiyo. Napendekeza mzunguko mmoja wa nusu kipenyo sentimita 50. Unatupa mita 3.14 za reli; kwa mwinuko wa asilimia 3 tunapanda sentimita 9 na ushee. Treni itapita juu ya nyingine, mradi plaiwudi ya juu iwe nyembamba. Tusizidishe mwinuko, injini ndogo zitateleza zikivuta mabehewa.

Treni ya kwanza iwe ya aina ya 810, ile ndogo ya dizeli yenye ekseli mbili tu. Inapendeza mno ikiwa peke yake juu ya daraja la matao.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakata mbao. Mwenye msumeno wa umeme aje nao, na gundi ya mbao pia imekwisha. Asiyeweza kufika aandike hapa kabla ya Ijumaa jioni.