Taa za Trela Zinazowaka Karakanani na Kuzimika Njiani

Kusi inapoanza kushika, mwezi wa nne kuelekea wa tano, wenye boti wa Malindi na Watamu huzitoa majini moja baada ya nyingine, na huo ndio wakati karakana yetu inapopokea trela nyingi kuliko mwingine wowote katika mwaka. Gari huwa ni Land Cruiser, Hilux au Defender. Mwenyewe amekwisha kununua seti ya taa na soketi, na mara nyingi amekwisha kufungiwa mahali pengine. Malalamiko hayatofautiani sana. Taa ziliwaka vizuri pale zilipofungwa, lakini gari lilipofika Mambrui indiketa ya kushoto ilikuwa imekufa, au kila indiketa inapomulika taa nyekundu za nyuma nazo zinapepesa kwa mwanga hafifu, jambo linalomchanganya dereva anayefuata nyuma usiku. Wateja wengi huja wakiamini kwamba balbu ndizo mbovu. Balbu mbovu ni nadra, na ikitokea huonekana mara moja. Tatizo kubwa liko katika waya wa hasi, katika viungo, na katika namna umeme ulivyochukuliwa kutoka kwenye gari.

Tuanze na hasi, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Umeme unaotoka kwenye betri kwenda kwenye taa ya trela ni lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni ule waya mweupe wa pini ya tatu ya soketi. Waya huo ukilegea au ukiliwa na kutu, umeme haukai ukasubiri, bali hutafuta njia nyingine: unaoingia kwenye balbu ya indiketa hupitia nyuzi za taa nyekundu iliyo ndani ya kasha hilo hilo, ukarudi kinyumenyume hadi kwenye taa za gari lenyewe, na huko ndiko unakopata hasi. Ndiyo maana taa mbili zisizohusiana hupepesa pamoja. Kubadilisha balbu hakutaponya hali hiyo hata kidogo.

Wapo wanaouacha kabisa waya wa hasi na kutegemea chuma kwa chuma, yaani mpira wa chuma wa kuvutia trela ugusane na kikombe cha trela kilichoushika. Kwa trela iliyosimama jambo hilo hufanya kazi, na hapo ndipo mteja anapodanganyika. Mpira wa kuvutia unatakiwa kupakwa grisi, na grisi haipitishi umeme vizuri. Isitoshe, barabara ya vumbi yenye mawimbi hukirusha kikombe juu na chini, na kila kinaporuka taa hukatika. Sisi huvuta waya wa hasi wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye soketi hadi kwenye chesisi, tukakwangua rangi mpaka chuma king'ae, tukafunga kwa boliti, kisha tukapaka rangi juu ya kiungo ili hewa ya bahari isikifikie. Upande wa trela kila taa hupewa waya wake wa hasi unaorudi hadi kwenye plagi, bila kutegemea fremu iliyopakwa zinki au rangi.

Unene wa waya nao si jambo la kupuuzwa. Seti nyingi za bei nafuu huja na waya wa milimita mraba 0.5. Taa mbili za breki, kila moja ya wati 21, huvuta ampea 3.5 kwa volti 12. Kutoka chini ya usukani hadi mwisho wa trela ya boti hazipungui mita 8, na kwa waya mwembamba kiasi hicho karibu volti moja nzima hupotea njiani wakati wa kwenda, bado hujahesabu safari ya kurudi kwa hasi. Mwanga wa balbu hupungua kwa kasi kuliko volti zinavyopungua, kwa hiyo taa ya breki iliyopoteza volti mbili huonekana kama taa ya kawaida ya nyuma, na mwenye matatu anayekufuata hana namna ya kujua kwamba umekanyaga breki. Tunatumia waya wa milimita mraba 1.5 kwa kila taa, na pale mteja anapokubali gharama, tunatumia waya wa boti ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, kwa sababu shaba tupu katika mji huu haidumu.

Hapa inafaa tueleze chumvi inavyofanya kazi, kwa kuwa inatupa kazi nyingi kuliko mawe yote ya njia ya Marafa. Ukifungua plagi ya trela iliyokaa ufukweni misimu miwili, utaona ukoko wa kijani kibichi umeizunguka pini, na pini yenyewe imenona kwa kutu hadi haiingii tena kwenye soketi. Huo ndio uharibifu unaoonekana. Uharibifu wenyewe umo ndani: menya ganda la plastiki sentimita kumi kutoka kwenye kiungo, na utakuta nyuzi za shaba zimegeuka nyeusi, zinapukutika vidoleni zikiguswa. Maji ya chumvi hupanda ndani ya ganda kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Waya kama huo hauungwi. Hukatwa hadi pale shaba inapoonekana nyekundu, na isipoonekana, waya wote hutolewa.

Kwa sababu hiyo hatutumii vile vibanio vya plastiki vinavyokata ganda la waya wa gari na kuchukua umeme kwa ubapa mdogo wa chuma. Ni vya haraka, na pengine vinawafaa watu wa nchi kavu ambao gari lao halionji chumvi, lakini kila kimoja ni mlango ulioachwa wazi, na siku chumvi inapoingia haiharibu taa za trela peke yake, huharibu pia nyaya asilia za gari. Vivyo hivyo, kusokota waya na kuufunga kwa tepu nyeusi hatukukubali, kwa kuwa joto la hapa huyeyusha gundi ya tepu na vumbi humalizia kazi. Viungo vyetu hubanwa kwa koleo maalumu, kisha hufunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani yake. Wateja wengine hutuuliza kwa nini hatuchomelei risasi. Risasi inapitisha umeme vizuri, lakini huufanya waya kuwa mgumu mahali pale inapoishia, na gari linalotikisika siku nzima likielekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki huukata waya papo hapo.

Sasa swali la umeme uchukuliwe wapi. Katika gari la zamani, fundi aliweza kuunga taa za trela moja kwa moja kwenye nyaya za taa za nyuma, na swichi ya breki ikabeba mzigo wa ziada kwa taabu. Gari la kisasa lina kompyuta inayopima umeme unaokwenda kwenye kila taa. Ikiona umezidi huukata, na ikiona umepungua hudhani balbu imeungua, ikaharakisha indiketa au ikawasha alama kwenye dashibodi. Taa za LED nazo zimeongeza fumbo, kwani huvuta umeme mdogo mno, na rilei ya indiketa, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, iliyozoea balbu za wati 21 huzichukulia kana kwamba hazipo. Baadhi ya mafundi hutatua hilo kwa kufunga kizuizi cha umeme kinachopata moto sana, jambo tusilolipenda, hasa kikifungwa karibu na plastiki ya bampa.

Njia tunayoifuata ni kufunga kisanduku cha rilei. Nyaya za taa za gari hutoa ishara ndogo tu ya kukiamrisha kisanduku, na umeme wa kuwasha taa za trela hutoka moja kwa moja kwenye betri kwa waya wake mwenyewe. Mzigo wa trela ya kawaida yenye balbu, taa zote zikiwashwa kwa pamoja, hauzidi wati 125 hivi, yaani kama ampea 10, kwa hiyo fyuzi ya ampea 15 inatosha. Fyuzi hiyo hukaa karibu na betri, kwa umbali usiozidi urefu wa kiganja. Ikiwekwa nyuma ya gari, waya wote ulio kati yake na betri hauna kinga, na ukichubuka kwenye chesisi unaweza kuwasha moto.

Kuhusu rangi na pini, soketi ya pini 7 ya volti 12 iliyozoeleka kwetu ina mpangilio wake: manjano pini ya kwanza ni indiketa ya kushoto, bluu pini ya pili ni taa ya ukungu, nyeupe pini ya tatu ni hasi, kijani pini ya nne ni indiketa ya kulia, kahawia pini ya tano ni taa ya nyuma ya kulia, nyekundu pini ya sita ni breki, na nyeusi pini ya saba ni taa ya nyuma ya kushoto. Mtego uko kwenye waya mweusi. Fundi aliyezoea kwamba nyeusi ni hasi huufunga kwenye chesisi, na kila taa za gari zinapowashwa fyuzi hukatika. Trela iliyoletwa kutoka Marekani ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa huko waya mmoja hubeba breki na indiketa ya upande huo kwa pamoja, ilhali gari letu hutenganisha viwili hivyo. Hapo ni lazima kifungwe kisanduku cha kubadilisha ishara, au taa za trela zibadilishwe. Vilevile, mwenye Land Cruiser ya zamani ya dizeli atuarifu mapema, kwani baadhi yake zilitengenezwa zikiwa na umeme wa volti 24, na balbu za volti 12 huungua mara tu zinapowashwa.

Njia ya waya chini ya gari hutuchukua muda kuliko watu wanavyodhani. Hupita ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, upande wa ndani wa chesisi, mbali na ekzosi, na panapotobolewa bodi huwekwa mpira wa kuzuia ubapa wa chuma usikate ganda. Soketi hatuiningʼinizi chini ya bampa, mahali ambapo jiwe la kwanza au kingo za korongo zitaing'oa. Huipandisha juu ya mhimili wa kuvutia, kifuniko chake kikifunguka kwa juu ili maji yasikae ndani.

Kwa wenye boti tuna ombi moja la pekee. Chomoeni plagi kabla ya kurudisha trela baharini. Taa iliyokuwa ikiwaka ina hewa ya moto ndani yake. Ikizama ghafla katika maji ya baridi hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia upenyo wowote uliopo, na kioo cha balbu huweza kupasuka. Kilicho bora zaidi ni taa kufungwa kwenye ubao unaotolewa kwa pini mbili, ukawekwa juu ya mchanga mkavu hadi boti itakapopanda. Ubao huo ndio pia hubeba nambari ya usajili ya trela, ile inayoanza na Z, pamoja na taa yake ndogo, kwa hiyo usisahaulike ufukweni.

Kazi yote huchukua kutwa, na gari liletwe pamoja na trela yake, si moja bila jingine. Kabla ya kulikabidhi tunaliwasha injini, tunawasha taa zote, mtu mmoja anakanyaga breki, nasi tunapima volti kwenye balbu ya mwisho ya trela mbele ya mteja. Tofauti kati ya kipimo hicho na cha betri ikizidi nusu volti, gari halitoki siku hiyo.