Sisi wa nyasi za gofu tukasomee wapi?

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Niko Mufindi, nimetunza uwanja wa gofu huku kwenye mashamba ya chai miaka 11 na sijawahi kukaa darasani hata siku moja kwa ajili ya hii kazi, vyote nilifundishwa na mzee mmoja aliyenikuta nafyeka pembeni ya barabara akaniambia kesho njoo saa 12 asubuhi nikuoneshe grini, ndo ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo la kutumbukizia mpira.

Watu wanadhani ni kufyeka tu. Grini inakatwa mpaka ibaki milimita 3 au 4, mashine yake ni ya silinda siyo ile ya panga la kuzunguka, na yule mzee kabla hatujaingia alikuwa anachana kipande cha gazeti anakipitisha kwenye visu huku anazungusha silinda taratibu kwa mkono, karatasi ikikatika safi kuanzia upande huu mpaka ule ndo tunaenda, ikijikunja tu anairudisha stoo akairekebishe, maana kisu butu hakikati kinararua na kesho yake ncha za nyasi zote zimepauka. Halafu mwezi wa 6 na wa 7 kuna asubuhi huku umande unaganda juu ya nyasi, ukikanyaga hapo jani linavunjika, baadaye unaona nyayo zako zimeungua zimekuwa kahawia grini nzima. Unasubiri jua litoke, hata bosi akikufokea unasubiri.

Sasa mwaka juzi ilitoka nafasi ya msimamizi kwenye uwanja mmoja nje ya mkoa wetu, nikaenda, swali la kwanza cheti kiko wapi. Sina. Wakamchukua kijana mwenye diploma ya kilimo, simlaumu, ila haikupita miezi miwili akanipigia, kaka mbona grini imekuwa ya njano, kumbe kamwaga urea saa 7 mchana jua linawaka na hakumwagilia. Amesoma mazao vizuri tu, nyasi za kuchezea hakuna aliyemfundisha. Mimi nimefundishwa nyasi, karatasi sina. Wote tumekwama.

Wenzetu hii ni fani kabisa. Uskoti kuna chuo cha Elmwood pale Cupar, jirani na St Andrews, mji unaojulikana kwa gofu, kimefundisha watunza viwanja miaka mingi, na Uingereza kijana anaweza kuajiriwa uwanjani huku anasoma, anaanza msaidizi, anapanda mpaka anakuwa mkuu wa uwanja mwenye bajeti na watu chini yake. Marekani chuo kikuu cha Penn State wana kozi ya miaka miwili ya nyasi za gofu tu.

Kwetu vitu vya kuanzia vipo jamani. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, tayari wanapima mafundi waliojifunzia mtaani, fundi ujenzi, fundi magari, wanapewa vyeti, kwa nini mtunza nyasi asiwemo? Chuo cha kilimo cha MATI Uyole wanajua udongo, mbolea, umwagiliaji na viuatilifu kuliko mimi, waweke kozi fupi hata ya miezi mitatu, vitendo waje huku kwetu tuwafundishe kukata, kuweka mchanga, kutoboa udongo ulioshindiliwa, na kuhamisha shimo. Na siyo gofu peke yake, viwanja vya mpira vya Sokoine pale Mbeya na Samora Iringa navyo ni nyasi, na AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi na Kenya na Uganda, nani atakuwa anaziangalia hizo pichi kila siku?

Mtoto wa dada yangu kamaliza form four, Jumamosi anakuja kunisaidia na shimo ameshajua kulikata likanyooka. Juzi kaniuliza, mjomba hii kazi inasomewa chuo gani, nikanyamaza. Wa VETA na Uyole mkisoma hapa naomba mnijibu kupitia gazeti hili hili, nimpe jibu lake.

Msomaji wenu,
Mufindi, Iringa