YAH: Malalamiko kuhusu singe ya 1907 yenye kulabu ya kuchomelea

Leicester, Uingereza
18 Machi 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilinunua kwenu, kwa njia ya mtandao, singe (kisu cha kufunga mbele ya bunduki) ya jeshi la Uingereza ya mtindo wa 1907 kwa pauni 480. Tangazo lilisema ni ya asili, ina kulabu yake, haijaguswa. Kulabu hiyo, ile ncha iliyopinda kwenye kikingio cha mkono, ndiyo niliyoilipia. Singe za 1907 zisizo nayo zimejaa sokoni, maana zilitengenezwa kwa wingi mno wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ningepata moja kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Iliponifikia, bapa lilikuwa limepakwa grisi nzito upande mmoja tu, karibu na mpini. Niliifuta, ikatokea taji, herufi GR za Mfalme George, 1907, jina la kiwanda cha Wilkinson, na chini kabisa tarehe ya kutengenezwa: 5 '15, yaani Mei 1915. Jeshi la Uingereza liliacha kulabu mwaka 1913. Hata singe za zamani zilizokuwa nazo, nyingi zilikatwa zilipopelekwa kukarabatiwa, na ndiyo maana zilizosalia ni ghali. Sasa nielezeni, Wilkinson walitiaje kulabu miaka miwili baada ya kufutwa?

Na hata mhuri ungekuwa umefutika, kazi yenyewe inajisema. Pale kulabu inapoungana na kikingio cha mkono pana mshono mwembamba kama uzi, unaozunguka pande zote, na juu yake mikwaruzo ya tupa. Chuma cha kikingio kimeiva weusi wa miaka mia. Cha kulabu, ukikwangua rangi kwa ukucha, ni cheupe. Tena mwishoni mwa mpini kuna tundu la kutolea uchafu, lililoanza kuwekwa 1916. Singe hii basi ilipita mikononi mwa fundi wa jeshi baada ya hapo, na fundi yule angeiona kulabu angeikata.

Ala yake ya ngozi, kwa haki, ni safi kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi: mtu ameharibu singe nzuri ya 1915 ili aiuze kwa jina la nyingine.

Nilipowaandikia, mhudumu wenu alijibu kwamba vitu vya kale haviuzwi kwa dhamana, na kwamba huenda mimi sijazoea silaha za Kiingereza. La pili nalijibu kwa ufupi: mimi ni mtu wa Dar es Salaam, nimekua nikipita chini ya Sanamu ya Askari, yule aliyesimama pale tangu 1927 singe yake ikielekea bandarini. Silaha hizi zilifika kwetu, hazikuishia Uingereza. La kwanza linajibiwa na Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya 2015: bidhaa lazima ilingane na maelezo yake, na isipolingana mnunuzi ana siku 30 za kuikataa. Sharti la duka haliwezi kuifuta haki hiyo.

Kwa hiyo naikataa. Naomba mnirudishie pauni zangu 480 pamoja na nauli ya kuileta kwenu, ambayo kisheria ni juu yenu. Picha za mhuri, mshono na tundu nimeziambatanisha. Naomba pia jina la singe hii libadilishwe katika kumbukumbu zenu, isije ikauzwa tena kwa maelezo yaleyale.

Kwenye tovuti yenu bado kuna nyingine mbili zenye kulabu, zote zimepigwa picha upande usio na tarehe. Zifuteni grisi, mpige na upande wa pili, kabla hajazinunua mtu mwingine.

Wenu,
Mteja